Sauna ya Wafini na Heshima ya Nchi Ndogo

Wako watu wanaodhani kwamba mambo ya dunia huamuliwa mezani tu, penye bendera, vipaza sauti na majalada. Ni kweli kwamba huko ndiko yanakotiwa saini. Lakini kila aliyewahi kufuatana na ujumbe wa serikali anajua kwamba neno gumu mara nyingi hulegezwa mahali pengine kabisa: penye chakula, katika matembezi ya jioni, au barazani baada ya sala ya isha. Wafini, watu wa ile nchi ya baridi ya kaskazini mwa Ulaya ambayo wengi wetu huiita Finland, wanapo mahali pao maalumu pa kazi hiyo. Ni chumba cha mbao chenye joto kali na mvuke, nao wanakiita sauna.

Twalizungumza jambo hili leo si kwa kutaka kuwachekesha wasomaji kwa habari za watu wa mbali. Twalizungumza kwa sababu ndani yake limo swali linalozihusu nchi ndogo zote, na hasa watu wa visiwani, ambao kwa karne nyingi wamewapokea wageni wenye nguvu kuliko wenyeji. Nchi ndogo isiyo na jeshi la kutisha wala hazina ya kununulia marafiki itasema vipi na dola kubwa hata isikilizwe? Wafini walilijibu swali hilo kwa njia yao. Jibu lao lilikuwa na manufaa makubwa, na lilikuwa na kasoro zake pia. Yote mawili yafaa yapimwe.

Kwanza yafaa ieleweke sauna ni kitu gani. Ni chumba kilichojengwa kwa mbao, na ndani yake mna jiko lililopangwa mawe juu yake. Mawe hupata moto sana, kisha humwagiwa maji kwa kata, na mvuke unaopanda Wafini huuita löyly. Joto la chumba kwa kawaida hufika baina ya digrii 80 na 100. Watu hukaa juu ya mabenchi yaliyopangwa kama ngazi, na wengine hujipigapiga kwa vitita vya matawi mabichi ya miti. Joto likiwazidi hutoka wakajitia ziwani, au hata kwenye tundu lililokatwa katika barafu. Nchi hiyo ina watu kama milioni 5.5, na sauna zake zinakadiriwa kuwa zapata milioni 3. Zamani wanawake walijifungulia humo, na maiti wakaoshewa humo, kwa kuwa hapakuwa na mahali safi kuliko hapo. Watoto hufundishwa kukaa humo kwa adabu kama ya nyumba ya ibada. Desemba 2020 shirika la UNESCO liliiingiza mila hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika.

Kwa sisi tunaojua kujifukiza kwa chungu chini ya blanketi, mvuke si kitu kigeni. Tofauti ni kwamba kwetu mtu hujifukiza peke yake kwa kutafuta afya, na kwa Wafini mvuke ni baraza. Wahenga walinena kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Katika sauna waungwana wote wamevua pamoja, wala hakuna wa kuchutama mbele ya mwenziwe. Nishani hazimo, nyota za mabegani hazimo, wala makatibu wenye kalamu hawamo. Hapo ndipo siasa ya nje ilipopata mlango wa kuingilia.

Ili kuufahamu mlango huo ni lazima tukumbuke hali ya Ufini baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Urusi tangu 1809, ikajitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Mwishoni mwa Novemba 1939 ilivamiwa na majeshi ya Kisovieti, na vita hivyo vikaendelea hadi Machi 1940. Mwaka 1941 ikarudi vitani, safari hii ikiwa bega kwa bega na Ujerumani, na mwaka 1944 ikalazimika kuomba suluhu. Ilipoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, na zaidi ya watu 400,000 walihama makwao. Ililipa fidia ya vita kwa mashine, meli na bidhaa nyinginezo mpaka mwaka 1952. Rasi ya Porkkala, iliyo karibu kabisa na mji mkuu wa Helsinki, ilikuwa kambi ya jeshi la Kisovieti hadi iliporudishwa Januari 1956. Mwaka 1948 Ufini ilikuwa imetia saini mkataba wa urafiki, ushirikiano na kusaidiana na jirani yake huyo mkubwa. Kwa ufupi, ilikuwa nchi huru, lakini kila ilipotaka kugeuza uso kutazama Magharibi ilibidi kwanza itupe jicho Mashariki.

Mwaka 1956 ndipo Urho Kekkonen alipochaguliwa kuwa rais. Muda si muda likamfikia jambo zito. Mapema mwaka 1960 nchi saba za Ulaya, zikiwamo Uingereza, Sweden na Norway, ziliunda jumuiya ya biashara huria, yaani EFTA. Ufini iliishi kwa misitu yake: mbao, massa ya karatasi na karatasi zenyewe, na Uingereza ilikuwa mnunuzi wake mkubwa. Kama jirani zake wangeuza bidhaa zizo hizo Uingereza bila ushuru, na Ufini ikabaki nje ya mlango, basi viwanda vyake vingedhoofika na wafanyakazi wake wangekosa kazi. Lakini Moscow iliitazama jumuiya yoyote ya Magharibi kwa jicho la shaka. Kujiunga bila idhini ya jirani kulikuwa ni hatari, na kutojiunga kulikuwa ni njaa.

Tarehe 3 Septemba 1960 Kekkonen alitimiza umri wa miaka 60. Miongoni mwa waliofika Helsinki kumpongeza alikuwa Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti. Baada ya karamu wazee hao wawili waliingia katika sauna ya nyumba ya rais, iitwayo Tamminiemi, iliyo ufukoni mwa bahari, na mazungumzo yao yakaendelea hata alfajiri. Mgeni alipoondoka, ilitolewa taarifa iliyoonyesha kwamba Moscow ilikuwa tayari kuielewa haja ya Ufini ya kulinda biashara yake na Magharibi. Novemba ya mwaka huohuo Kekkonen alikwenda Moscow, na Ufini ikakubali kuutoza Umoja wa Kisovieti ushuru nafuu ulio sawa na ule wa nchi za EFTA. Machi 1961 mkataba wa kuihusisha Ufini na EFTA ukatiwa saini.

Habari ya usiku ule imesimuliwa mara nyingi, na wako wanaoisimulia kana kwamba mvuke ulimroga Khrushchev. Sisi hatukubaliani na masimulizi ya namna hiyo. Mvuke haukumroga mtu. Kiongozi wa Kisovieti alikuwa na sababu zake za kutaka Ufini iwe mfano wa kuonyesha kwamba nchi ya kibepari yaweza kukaa kwa amani ubavuni mwa nchi ya kikomunisti. Kekkonen naye hakuingia katika joto lile mikono mitupu, kwani serikali yake ilijua wazi inachokitaka na kile iwezacho kutoa badala yake. Ushuru uliokubaliwa Novemba haukuandikwa kwa mvuke, bali uliandikwa na maofisa wa biashara waliokesha juu ya hesabu.

Hata hivyo sauna ilifanya kazi yake, na kazi hiyo haifai kudharauliwa. Ilimpa mwenyeji muda mrefu na mgeni wake ambao itifaki ya kawaida haitoi. Tena iliwaondolea wote wawili watazamaji, na mtu asiyetazamwa huweza kukiri shida yake au kubadili shauri lake bila kuona haya. Na kubwa kuliko hayo, ilimfanya mkubwa awe mgeni. Ndani ya sauna mwenyeji ndiye ajuaye lini maji yamwagwe na lini watu watoke wakapoe. Mtu wa dola lenye mabomu ya nyuklia alikaa juu ya benchi la mwenyeji wake, akafuata desturi ya mwenyeji wake, na jasho lake lilikuwa sawa na la mwenyeji wake. Nchi ndogo ikiweza kuyapanga hayo nyumbani kwake, basi imekwisha kupata nusu ya heshima inayoitafuta.

Tangu hapo mila hii imekuwa sehemu ya utumishi wa nje wa Wafini. Balozi zao nyingi zina sauna. Ubalozi wao wa Washington, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1994, umejulikana kwa kuwaalika wasaidizi wa wabunge, maofisa na waandishi wa habari kuingia saunani. Wale si mawaziri, lakini ndio wanaoandika muhtasari ambao mawaziri huusoma. Askari wa Kifini waliotumwa na Umoja wa Mataifa kulinda amani, tangu Suez mwaka 1956, wamejulikana kwa kujenga sauna hata katika nchi za jua kali, na kuwakaribisha humo maofisa wa mataifa mengine.

Hapa kwetu jina la Mfini mmoja linastahili kutajwa. Martti Ahtisaari alikuwa balozi wa nchi yake mjini Dar es Salaam tangu 1973 hadi 1977, wakati mji huo ulipokuwa makao ya vyama vingi vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kutoka huko aliteuliwa kuwa Kamishna wa Umoja wa Mataifa kwa Namibia, na baadaye akasimamia, kwa niaba ya Umoja huo, safari ya Namibia hadi uhuru wa mwaka 1990. Akawa rais wa Ufini kuanzia 1994 hadi 2000, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2008, na akafariki dunia Oktoba 2023. Mwanadiplomasia huyu alijifunza sehemu kubwa ya kazi yake katika pwani yetu, na urafiki wa aina hiyo ndio uliozifanya serikali za Ufini na Tanzania, mnamo 2003, zishirikiane kuongoza mazungumzo ya kimataifa juu ya utandawazi na demokrasia yaliyopewa jina la Helsinki.

Kazi ya Ahtisaari ambayo watu wa visiwani wangefaa kuichunguza zaidi ni ile ya Aceh, jimbo lililo katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra. Wapiganaji wa Aceh walikuwa wakipigana na serikali ya Indonesia tangu 1976. Januari 2005, wiki chache baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 kuiangamiza pwani ya jimbo hilo, pande mbili hizo zilikutana katika nyumba moja ya shamba karibu na Helsinki. Zilikutana mara tano hadi Julai, na tarehe 15 Agosti 2005 zikatia saini. Hatusemi kwamba amani ya Aceh ilipatikana saunani. Tunalosema ni kwamba ilipatikana kwa tabia ileile: nyumba ya faragha, mbali na watazamaji, mwenyeji mdogo asiye na tamaa ya ardhi wala mafuta ya mtu. Lakini angalia pia yaliyofuata. Kanuni ya msuluhishi ilikuwa kwamba hakuna lililokubaliwa mpaka yote yamekubaliwa. Makubaliano yaliandikwa kifungu kwa kifungu. Wasimamizi kutoka Umoja wa Ulaya na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki walikwenda kuhesabu silaha, na silaha 840 zikateketezwa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2006 bunge la Indonesia lilitunga sheria ya utawala wa Aceh, na uchaguzi ukafanywa Desemba ya mwaka huo. Faragha ilifungua mlango, na maandishi yakauzuia usifungike tena.

Sasa tugeukie kasoro, kwa sababu mwandishi anayesifu tu ni mpiga zumari. Kasoro ya kwanza ni kwamba desturi ya Wafini katika shughuli za namna hii ni wanaume kuingia peke yao na wanawake peke yao. Desturi hiyo haina ubaya nyumbani. Lakini mambo ya serikali yakimalizwa katika sauna ya wanaume, waziri aliye mwanamke huyakuta asubuhi yamekwisha kuiva. Nchi iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura na ya kugombea ubunge tangu 1906 haikukosa kuiona dosari hiyo. Baraza lolote la faragha, liwe la mvuke au la kahawa, huwa na watu walioachwa nje, na walioachwa nje mara nyingi ni walewale.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siasa ni vivyo hivyo. Yaliyosemwa baina ya watu wawili bila karatasi huwa ni mali ya watu wawili hao, wala si ya taifa. Kekkonen alitawala kwa miaka 25, mpaka maradhi yalipomwondoa kazini mwaka 1981. Oktoba 1961 Moscow ilipeleka barua kali ikitaka mashauriano ya kijeshi chini ya mkataba wa 1948. Kekkonen akasafiri hadi Novosibirsk kuonana na Khrushchev, na jambo likatulia. Wakati huohuo Olavi Honka, mpinzani wake katika uchaguzi wa rais, alijitoa. Mwaka 1973 bunge lilipitisha sheria ya pekee ya kumwongezea rais miaka minne bila kupigiwa kura na wananchi, na hoja kubwa iliyotolewa ilikuwa kwamba yeye ndiye ajuaye kuongea na Mashariki na Magharibi. Katika miaka hiyo magazeti ya Ufini yalijizuia kuandika mengi yaliyoweza kumuudhi jirani. Ndivyo urafiki wa kiongozi mmoja unavyoweza kugeuka kuwa kufuli juu ya midomo ya wengi.

Kasoro ya tatu ni kwamba mvuke haudumu. Ufini iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine kwa jeshi kubwa Februari 2022, ilikata shauri la kuacha sera yake ya kutojiunga na kambi ya kijeshi, na tarehe 4 Aprili 2023 ikawa mwanachama wa NATO. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilivifunga vituo vya mpaka wake na Urusi, mpaka wenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,300. Wako wanaosema kwamba hayo yathibitisha kuwa sauna ilikuwa mchezo mtupu. Sisi tunaona vingine. Kwa miongo mingi Ufini ilipata muda, na katika muda huo ilijenga viwanda, shule na hospitali, ikawa mwenyeji wa mkutano wa 1975 ambapo mataifa 35 yalitia saini hati ya usalama na ushirikiano wa Ulaya. Kupata muda si jambo dogo kwa mnyonge. Bali ni kweli kwamba aliyeutegemea mvuke peke yake angejikuta uchi siku ulipotawanyika. Wafini hawakuutegemea peke yake. Muda wote huo walidumisha jeshi la wananchi na walijua idadi ya mahandaki yao.

Je, sisi wa visiwani tuchukue lipi katika haya? Hatusemi tujenge sauna. Jua letu latutosha, na dini na desturi zetu zinaamrisha sitara. Wafini wenyewe wenye adabu hawamlazimishi mgeni, na mwenye kutaka kujifunga taulo hujifunga. Kinachofaa kuchukuliwa ni maana yake, na maana hiyo haikuwa ngeni kwetu. Tunazo baraza za mawe mbele ya nyumba zetu, ambazo juu yake tajiri na mchukuzi hukaa kwa usawa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar baada ya miaka mingi ya uhasama wa kisiasa. Mkutano ule ulikuwa wa faragha. Lakini uliyoyazaa yalipelekwa Baraza la Wawakilishi, kisha yakapelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo. Hatudai kwamba yaliyofuata yote yalikuwa mema, kwani kila mmoja wetu anakumbuka ya 2015. Tunadai tu kwamba katika miezi ile mpango ulikuwa sahihi: watu wawili walizungumza, kisha watu wote wakaulizwa.

Kwa hiyo tunapenda kuwaambia maofisa wetu, ambao kila mwaka hupokea wajumbe wa nchi kubwa, mashirika ya fedha na makampuni ya utalii, ya mafuta na ya bandari, maneno machache. Mgeni mkubwa asikutane na mwenyeji katika hoteli ya mgeni, wala kwa ratiba iliyoandikwa na mgeni. Mleteni nyumbani, akae juu ya benchi letu, ale chakula chetu, afuate saa yetu. Kabla hajafika, haja ya nchi iwe imekwisha kuandikwa, na mpaka ambao hatuuvuki uwe umekwisha kuchorwa. Wanawake wenye dhamana wasiachwe nje ya mlango. Na asubuhi ya pili, kabla kahawa haijapoa, yaliyosemwa yaandikwe, yatiwe jaladani, na yale yanayoigusa ardhi, bahari na kodi ya wananchi yafikishwe mbele ya wawakilishi wao.

Usiku wa Septemba 1960 hukumbukwa kwa sababu ya joto lake, lakini wafanyakazi wa viwanda vya karatasi vya Ufini waliendelea kupata mshahara kwa sababu ya karatasi zilizofuata Novemba na Machi. Anayetaka kuwaiga Wafini na aige yote mawili.